Usifiche dawa zako mahali usipoweza kuzifikia

Tarehe 27 Mei 2021, alfajiri, tuliamriwa kuhama mtaa wetu wa Majengo, mjini Goma, Kongo. Volkano ya Nyiragongo ilikuwa imelipuka siku tano kabla, Jumamosi jioni, na ardhi ya Goma bado ilikuwa inatetemeka usiku na mchana. Nilibeba watoto, sufuria na bidoni ya maji, nikashika barabara ya Sake pamoja na umati wa watu. Tulipofika Mugunga ndipo nikakumbuka: dawa zangu zilikuwa zimebaki kwenye chumba changu cha kushonea, chini ya gunia la vipande vya vitenge.

Nilizificha mwenyewe. Nyumbani tuliishi na wifi yangu, na tangu nianze ARV, dawa za virusi vya UKIMWI, mwaka 2016 sikutaka aone kile kichupa. Gunia lile halikuguswa na mtu miaka mitano, nikaamini nimepata mahali salama. Siku ya kukimbia, siri ileile ndiyo iliyoniacha bila dawa.

Sake tulilala katika darasa la shule. Siku ya kwanza sikuuliza mtu, ya pili vilevile, nikijiambia kesho tutarudi. Siku ya tano nikaenda kituo cha afya. Muuguzi akaniuliza kwa upole: "Mama, unakunywa dawa gani?" Nikasema kile kidonge kimoja cha kila siku. "Kile cha zamani cha usiku, chenye kuleta ndoto, ao TLD?" Sikujua. Nilikuwa nimeshabadilishiwa, lakini jina sikuwahi kulishika. Ikabidi tumpigie simu muuguzi wangu wa Goma, naye akiwa mkimbizi kama mimi. Bahati nzuri betri ya simu yake ilikuwa na moto. Ndipo nikapewa vidonge.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayekunywa ARV, shika jina la dawa yako kama unavyoshika jina la mtoto wako. Wengi wetu sasa tuko kwenye TLD, yaani dawa tatu ndani ya kidonge kimoja: tenofoviri miligramu 300, lamivudini miligramu 300 na dolutegraviri miligramu 50. Ukilijua jina, muuguzi wa mji wowote atajua aanzie wapi.

Na kwa nini tatu? Mimi ni fundi wa nguo, nami nililielewa jambo hili kwa njia ya kazi yangu. Virusi vikiingia kwenye chembe ya damu, kwanza vinanakili ramani yao, halafu vinaishonea ndani ya ramani ya chembe yenyewe, ili chembe ianze kuvizalisha. Tenofoviri na lamivudini ni kama uzi bandia: virusi vinauokota wakati wa kunakili, mshono unakatikia hapo. Dolutegraviri inazuia kile kipande kisishonewe kwenye nguo. Shida ni kwamba virusi ni mnakili mwenye haraka, anakosea kila mara, na kosa moja linaweza kuvifanya visiiogope tena dawa fulani. Ndivyo ilivyokuwa kwa AZT, dawa ya zamani ya virusi hivi, iliyotolewa peke yake kuanzia 1987: iliwapa watu nafuu, kisha virusi vikaizoea. Mwaka 1996 ndipo ilipoonekana wazi kwamba dawa tatu zikiunganishwa zinavibana, kwa sababu kuzikwepa zote kwa mara moja ni vigumu mno.

Lakini zinabana zikiwemo mwilini. Virusi vingine vimelala ndani ya chembe, dawa haivifikii. Ukiacha, vinaamka, na katika majuma machache wingi wake unapanda tena. Tena dawa ikiwa kidogo kwenye damu ndipo virusi vinapata nafasi ya kujifunza kuikwepa. Niliporudi Goma mwezi wa sita sikulala vizuri mpaka nilipopimwa wingi wa virusi. Havikuonekana. Nililia mbele ya yule muuguzi. Virusi visipoonekana na ukaendelea na dawa, humwambukizi mwenzi wako kwa tendo la ndoa, na jambo hilo bado halijafika masikioni mwa watu wengi.

Ukisahau kidonge, kinywe mara ukikumbuka. Ukiwa umekaribia sana saa ya kile kinachofuata, subiri hicho. Usinywe viwili pamoja. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu ao aluminiamu zinaizuia dolutegraviri kuingia mwilini: kunywa TLD masaa mawili kabla yake ao masaa sita baadaye. Mama mjamzito anayepewa vidonge vya kuongeza damu amwulize muuguzi, na mwenye kifua kikuu anayekunywa rifampisini ataongezewa dolutegraviri ya pili kwa siku. Kama umeambiwa kwenye chumba cha maombi uache dawa kwa kuwa umepona, nakuomba, endelea kuomba na endelea kunywa.

Kuhusu wifi yangu. Nilimwambia kulekule Sake, usiku, watoto wamelala. Siku mbili hakula nami sahani moja, na iliniuma. Tuliporudi nikamwomba tuende pamoja kwa muuguzi akasikie mwenyewe, akauliza maswali mengi kuliko niliyowahi kuuliza mimi. Sikuambii umwambie kila mtu. Mtaa una midomo, na kuna waliofukuzwa nyumbani kwa neno moja. Chagua mmoja. Nikiugua, wifi ndiye anayenichukulia dawa.

Sasa nina mfuko nyuma ya mlango: kadi ya uchaguzi, pesa kidogo, karatasi iliyoandikwa jina la dawa na namba ya muuguzi, na kichupa cha zamani cha TLD chenye kifuko chake cha kunyonya unyevu, ndani yake vidonge vya siku 14. Januari 2025, vita vilipoingia mjini, tulikaa siku nyingi tumelala chini sakafuni bila kufungua mlango. Kila siku saa moja asubuhi wifi alinyoosha mkono kwenye ule mfuko, akanipa kimoja na maji. Kila nikichukua dawa mpya, vile vya mfukoni ndivyo ninavyoanza kunywa, nao mfuko nautilia vipya, visije vikapitwa na tarehe.