Unaishi kwenye motohomu? Maswali yenu kuhusu bima

Maswali ya safari hii yametoka kwa watu walioachana na nyumba, au walio mbioni kuachana nayo, wakahamia kwenye motohomu (gari lenye vitanda na jiko ndani) moja kwa moja. Wengi mnaulizia bima ya bei nafuu. Hilo nimeliweka mwisho kwa makusudi, maana bima isiyolipa ni ghali hata ukiuziwa kwa bei ya bure.

Nina bima kubwa niliyokata nilipokuwa natumia motohomu yangu likizo tu. Sasa nimehamia humo. Si gari ni lile lile?

Gari ni lile lile, ila hatari zimebadilika. Mkataba wa likizo umepigiwa hesabu za gari linalotembea wiki chache kwa mwaka na kukaa limefungwa muda uliobaki. Wewe unapika humo kila siku, mtungi wa gesi haufungwi, wageni wanapanda na kushuka, na karibu kila kitu ulicho nacho duniani kimo ndani. Mikataba mingi ina kifungu kinachokataza gari kuwa makazi ya kudumu, na mingine inataja kabisa mwisho wa siku unazoruhusiwa kulala humo. Kitafute kifungu hicho leo, kisha wapigie simu. Wataongeza malipo, ndiyo. Usipowaambia, siku gari likiungua mkaguzi wa madai atataka kujua ulikuwa unaishi wapi, na risiti zako za maegesho zitamjibu kabla hujafungua mdomo.

Wakala hakuniuliza kama naishi humo. Nina wajibu wa kusema?

Inategemea sheria ya nchi unayokatia bima. Mwaka 1766 Jaji Mansfield wa Uingereza, katika kesi ya Carter dhidi ya Boehm, alieleza kwamba mkata bima anapaswa kuweka wazi mambo muhimu anayoyajua yeye na ambayo mwenzake hayajui. Msimamo huo ulienea nchi nyingi. Uingereza yenyewe ililegeza kamba kwa sheria ya 2012: mteja wa kawaida anatakiwa kujibu kwa ukweli na uangalifu yale anayoulizwa. Kwingine bado unatarajiwa kusema hata usipoulizwa.

Ushauri wangu ni uleule popote ulipo: sema, tena kwa maandishi. Mficha uchi hazai. Na kwenye kesi ile ya 1766 aliyeshindwa ni mtoa bima, kwa kuwa ilionekana aliingia akijua, au akipaswa kujua, hatari anayoibeba. Barua pepe yako inayosema "naishi humu mwaka mzima" ndiyo itakayomzuia mtu kukugeuka baadaye.

Bima ya kulipa watu wengine ninayo, ni ya lazima kwa sheria. Kuna nyingine zaidi?

Kuna, na ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Bima ya barabarani inalenga madhara yanayotokana na gari kama gari. Sasa chukulia umeegesha wiki mbili, injini imezimwa. Mgeni anashuka ngazi ya mlangoni, ile ya kukunja, yenye ukingo wa bati ulioloa. Anateleza, anavunjika mkono, na gharama za matibabu anakudai wewe. Au upepo wa usiku unang'oa turubai la pembeni na mhimili wake unapasua kioo cha jirani. Mtu mwenye nyumba ya kawaida angekimbilia bima yake ya nyumba. Wewe bima hiyo uliachana nayo siku ulipokabidhi funguo.

Marekani ziko bima za motohomu zilizotungwa kwa wakazi wa kudumu, na dhima hii ya "nyumbani", yaani wajibu wa kulipia madhara wanayopata wengine ukiwa umeegesha, ndiyo tofauti yake kubwa na bima za kawaida. Kwingine huenda ukalazimika kuikata peke yake. Uliza mambo mawili: kiwango cha juu cha kulipa ni kipi, na je, inafanya kazi popote unapoegesha au kwenye kambi rasmi tu? Kama una mbwa, mtaje jina na aina yake.

Vitu vyangu vya ndani vimo kwenye bima ya gari?

Kwa kawaida kilichofungwa kwa skrubu, kama paneli za sola, betri na jiko, huhesabiwa kuwa sehemu ya gari, mradi umevitaja. Kompyuta, baiskeli, nguo na kamera ni mali binafsi, na kwenye bima za likizo kiwango chake ni kidogo cha kuchekesha.

Jihadhari na kupunguza thamani ili ulipe kidogo. Mikataba mingi hulipa kwa uwiano. Una mali ya 10,000, umeiandikisha 6,000, wezi wamebeba vitu vya 2,000: unalipwa 1,200, na hapo hawajatoa kile kiasi unachobeba mwenyewe kwenye kila dai. Pita na simu ukirekodi video, fungua kila droo na kabati, soma namba za vifaa kwa sauti. Kisha ihifadhi video mahali nje ya gari. Ushahidi ulioungua pamoja na mali haumsaidii mtu.

Maji yamevuja dirishani, ubao umeoza. Wamekataa kulipa. Ni haki?

Inauma, lakini mara nyingi wako sahihi. Bima hulipa tukio la ghafla. Kuvuja polepole, kutu, panya na matairi yaliyoisha huitwa uchakavu, na uchakavu ni wa mwenyewe. Bonyeza ubao chini ya kila dirisha na kwenye kona za dari. Kidole kikizama, au ukiona skrubu zinalia kutu, maji yameshaingia siku nyingi. Tawi likitoboa paa, hapo una dai: piga picha, funika tundu ili hasara isiongezeke, wajulishe siku hiyohiyo.

Nimejitengenezea mwenyewe kutoka gari la mizigo. Nitapata bima?

Utapata, ila kwa jasho. Weka picha za kila hatua, risiti, na cheti cha fundi aliyekagua gesi na umeme. Badilisha pia kadi ya usajili pale sheria inapotaka, la sivyo watalithamini kama gari tupu la mizigo. Lipime uzito likiwa limejaa, maji na watu wakiwemo. Kupita uzito wa kisheria, au wa leseni yako, ni sababu nyepesi ya kukataliwa dai.

Sina anwani ya kudumu. Niandike ya dada?

Iandike kama barua zako zinafika huko na kampuni inajua kwamba gari halilali huko. Malipo hupangwa kwa kuangalia gari linalala wapi; hapo ndipo uongo hugeuka kosa. Marekani wengi huhamishia ukazi wao wa kisheria South Dakota, Texas au Florida, kisha hukata bima kwa anwani ya huko.

Nikivuka mpaka?

Usikisie. Kadi ya Kijani ya Ulaya na Kadi ya Njano ya COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika) hubeba bima ya watu wengine kuvuka mipaka. Gari lako mwenyewe ni habari nyingine. Ukitoka Marekani kuingia Mexico unahitaji bima ya dhima inayotambuliwa na sheria ya huko.

Basi ipi ni nafuu?

Pandisha kile kiasi unachobeba mwenyewe, hadi pale mfuko wako unapoweza kukitoa kesho bila kukopa. Usiguse dhima, wala malipo ya malazi ya dharura: gari likiwa gereji miezi miwili, wewe huna kitanda. Ukilinganisha kampuni, wape wote takwimu zilezile na uulize gari likiteketea watalipa thamani ya soko au thamani mliyokubaliana mapema. Kwa gari linaloshuka bei kila mwaka, mimi ningelipia hiyo ya pili, na jibu lao ningelitaka kwa maandishi kabla ya kulipa senti.