Maswali ya Wasomaji: Nyumba Kongwe, Kuta Nene na Jua la Jangwani

Toleo lililopita tuliomba maswali kuhusu nyumba kongwe. Barua nyingi zimetoka Kisumu na Nakuru, na moja imekuja na picha kutoka ng'ambo. Tuanze na hiyo.

Binti yangu anasoma Tucson, Arizona, Marekani. Amenitumia picha za mtaa wa kale uitwao Barrio Viejo: nyumba za udongo zilizopakwa rangi ya waridi, manjano na buluu, zimeshikana, na mlango unafungukia barabarani bila ua wa mbele. Anasema watu huzigombania kwa bei kali. Kwetu, nyumba ya udongo husubiri kubomolewa. Zina nini hizo? (Msomaji, Section 58, Nakuru)

Zina ubaridi, mama au baba Binti, na ubaridi huo haulipiwi stima. Mwezi wa Juni joto la Tucson hufika nyuzi 38 na kupita. Ukuta wa nyumba hizo ni wa matofali mabichi ya udongo, unene wake sentimita 45 hadi 60. Jua linapoupiga asubuhi, joto huanza safari ndani ya udongo, na likifika upande wa pili jioni imeshaingia. Hapo nje kumepoa, kwa hiyo watu hufungua milango na nyumba inajimwagia baridi ya usiku hadi alfajiri, kisha wanaifunga tena. Mpango huu hautegemei udongo peke yake, unataka pia usiku uwe baridi kuliko mchana kwa kiasi kikubwa. Na hapo Nakuru hamko mbali na jangwa: mko kwenye mita 1,850 hivi juu ya bahari, mchana nyuzi 26, usiku 10 au 11. Nyumba kongwe za mawe za mtaani kwenu zenye kuta nene hufanya kazi ile ile, ila ninyi mnafaidi zaidi saa nne usiku, ukuta unaporudisha joto la mchana.

Kukosa ua wa mbele nako kuna sababu. Nyumba zikishikana, kila moja ina kuta chache za kupigwa na jua, na ua unabaki nyuma, umezungukwa na vyumba, wenye kivuli. Katikati hupita ukumbi mwembamba uitwao zaguán, kutoka mlango wa barabarani hadi uani, na milango yote miwili ikiachwa wazi upepo hupita kama kwenye bomba. Dari iko juu, mita tatu na nusu hivi. Dirisha limekaa ndani ya unene wa ukuta, kwa hiyo ukuta wenyewe unalitilia kivuli.

Mwambie binti aangalie paa, maana paa ndilo linalotoa umri. Za zamani zaidi zilikuwa bapa: boriti za mbao, juu yake mbavu za mti wa saguaro, ile dungusi ndefu ya kule, kisha udongo ulioshindiliwa. Reli ilipofika Tucson mwaka 1880 ilileta mbao za kupasuliwa, matofali ya kuchoma na mabati, na mapaa yakaanza kuinuka, mengine yakijengwa juu ya lile la udongo bila kuliondoa. Kwetu reli ilifika Nakuru 1900 na Kisumu 1901, na mabati yakafuata njia hiyo hiyo. Paa bapa la udongo msilitamani, lakini. Tucson hupata mvua ya milimita 300 hivi kwa mwaka, Kisumu hupata zaidi ya mara nne ya hiyo. Paa kama lile hapa lingeota sukuma wiki kufikia Aprili.

Kuhusu bei: mwishoni mwa miaka ya 1960 sehemu kubwa ya mitaa hiyo ya kale ilibomolewa kupisha ukumbi wa mikutano, uliofunguliwa 1971. Kilichosalia ni kidogo, ndiyo maana kinagombaniwa.

Na kama anataka kupanga nyumba huko, asitazame rangi. Atazame mguu wa ukuta, sentimita 30 za chini kabisa. Ukisikika mtupu ukigongwa, au plasta imetuna, basi mtu aliufunika udongo kwa saruji na maji yanaula kwa ndani. Ugonjwa huo tunao hata Kisumu, kama barua inayofuata inavyoonyesha.

Familia yetu ina jengo la duka la tangu enzi za Wahindi karibu na Oginga Odinga Street, Kisumu. Kuta zina unene wa sentimita 45, zimejengwa kwa chokaa. Plasta ya chini inabambuka. Fundi ameshapiga simiti mara mbili na mara zote imeanguka pamoja na vipande vya tofali. Tufanyeje? (Msomaji, Kisumu)

Msiite fundi wa tatu kabla hamjajua maji yanatoka wapi. Ukuta wa chokaa hunywa maji kidogo kutoka ardhini na kuyatoa juani, na hivyo umeishi miaka yote hiyo. Saruji ilifunga upande wa kutokea. Maji yakapanda juu zaidi, yakabeba chumvi, na chumvi ilipokauka nyuma ya plasta ikatanuka na kuisukuma. Kwa kuwa saruji ni ngumu kuliko tofali laini la zamani, inapoanguka huondoka na uso wa tofali. Fundi wenu huenda ni hodari, ila dawa aliyotoa si ya ugonjwa huu.

Anzeni nje. Je, veranda au barabara imeinuliwa ikapita usawa wa sakafu ya ndani? Majengo mengi ya zamani yamepatwa na hilo: kila anayetengeneza njia ya miguu huongeza tabaka. Chimbeni ukingoni, ardhi ishuke angalau sentimita 15 chini ya sakafu, na maji yaelekezwe mbali. Kisha tazameni gata, na mtazame siku ya mvua, kwa kuwa gata iliyoziba haionekani siku ya jua.

Ndani, bandueni plasta ya saruji hadi sentimita 50 juu ya alama ya unyevu. Patasi ilazwe, isisimamishwe. Tofali likianza kutoka nalo, acheni, kateni plasta vipande vidogo kwa msumeno wa mkono na kuviinua kimoja kimoja. Kwangueni viungo kina cha sentimita mbili, piga brashi kavu kuondoa chumvi, wala msioshe, kwa kuwa maji huirudisha ndani.

Sasa subirini, na hapa ndipo wengi hushindwa. Mafundi wa majengo kongwe hukadiria mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za ukuta. Ukuta wenu unakauka pande mbili, kwa hiyo ni miezi tisa hivi kukauka kabisa. Si lazima mngoje yote, lakini uacheni wazi angalau kiangazi kizima, Desemba hadi Februari.

Chokaa ya Koru iko jirani. Nunueni ile iliyozimwa, ya unga, muiloweke kwenye pipa, maji yaifunike, wiki moja au zaidi, hadi iwe kama siagi. Uwiano ni chokaa kipimo kimoja kwa mchanga vipimo vitatu. Mchanga uwe wa mto, wenye chembe kubwa na ndogo, ulioshwa: ukiusugua viganjani usiache rangi. Kuta za nje ongezeni nusu kipimo cha unga wa matofali yaliyochomwa kwa moto mdogo, ukichekechwa laini, ili chokaa ishike hata penye unyevu. Fundi atawaomba aongeze "saruji kidogo tu". Mkatalieni. Saruji kidogo ndani ya chokaa hutoa mchanganyiko dhaifu kuliko chokaa tupu.

Lowesheni ukuta kwanza, ung'ae bila kutiririka. Tabaka la kwanza ni milimita 10, lirushwe kwa mwiko lishike, kisha likwaruzwe mistari. La pili linafuata baada ya siku saba hadi kumi, ukucha unapoacha alama bila kuzama. La mwisho ni milimita tatu hadi tano. Kila tabaka linyunyiziwe maji mara mbili au tatu kwa siku, wiki nzima, na mtundike magunia mabichi mbele yake, kwa sababu jua la Kisumu na upepo wa ziwa hukausha chokaa kabla haijashika. Nyufa kama utando wa buibui zinaonyesha imekauka haraka au mchanganyiko ulikuwa na maji mengi. Ukipangusa ikatoa unga mweupe, ilikosa maji ya kutosha siku za kwanza.

Rangi iwe ya chokaa, nyepesi kama maziwa, mikono minne au mitano, kila mmoja siku yake. Rangi ya plastiki itawarudisha mlikotoka. Vaeni glavu na miwani, maana chokaa inaunguza. Ikiingia jichoni, osheni kwa maji safi mengi papo hapo, kisha hospitali.

Nimeona picha za minara ya kushika upepo ya Yazd, Iran. Naweza kujenga mmoja Milimani, Kisumu, nikaweka na beseni la maji chini? (Msomaji, Kisumu)

Mnara unaweza, beseni liache. Yazd, ambayo UNESCO iliitia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2017, ina hewa kavu sana. Upepo ukishuka mnarani na kupita juu ya maji, maji huvukiza na hewa inapoa. Mnara wa bustani ya Dowlatabad pale una mita 33. Hewa ya Kisumu imeshabeba maji ya ziwa, ukiiongezea itakupa jasho. Hata Arizona, vipoza-hewa vya maji hulegea mvua za Julai na Agosti zikianza.

Ulicho nacho wewe ni upepo wa bure: mchana hutoka ziwani kwenda bara, usiku hugeuka. Fungua madirisha yanayotazamana kwenye njia hiyo, na la kutokea lisiwe dogo kuliko la kuingilia. Kama nyumba ni ya zamani, panda ngazi uangalie chini ya dari. Mara nyingi kuna matundu ya hewa yaliyozibwa na mtu aliyechoka na vumbi. Yazibue, weka wavu wa mbu, na kwa kuwa wavu hupunguza upepo, tundu liwe kubwa zaidi.

Nyumba ya nyanya yetu Kakamega ni ya fito na udongo. Fundi anataka kupigilia waya wa kuku na kupaka simiti. Ni sawa? (Msomaji, Kakamega)

Hapana. Ukuta wa fito huvimba mvua ikinyesha na kunywea jua likiwaka, saruji haifuati. Nafasi inatokea katikati, maji yanaingia, na mchwa wanapata njia ya kupanda bila kuonekana.

Badilisheni fito zilizooza, kisha mkandike upya. Chimbeni udongo ulio kina kinachopita nusu mita, au mtumie wa kichuguu. Jazeni udongo huo theluthi ya chupa, ongezeni maji na chumvi kidogo, mtikise, muache siku nzima: mchanga utakaa chini, mfinyanzi juu. Mfinyanzi ukipita theluthi, utapasuka, ongezeni mchanga. Tieni majani makavu ya sentimita tatu hadi tano, muache mchanganyiko ulowe siku tatu. Pakeni viraka vitatu vya majaribio ukutani, kila kimoja na mchanga tofauti, na mchague kisichopasuka wala kutoa unga. Mwisho ni kusiriba kwa samadi mbichi na udongo uliochekechwa. Kazi hii iulizwe akina mama wa kijiji kabla ya fundi. Paa litokeze sentimita 60 au zaidi kupita ukuta, vinginevyo mtakandika kila mwaka.

Nyumba yangu Nakuru ina ufa juu ya dirisha. Niuhofu? (Msomaji, Nakuru)

Inategemea kama ufa wenyewe unatembea. Gundi kipande chembamba cha kioo katikati ya ufa kwa saruji, andika tarehe pembeni, uangalie kwa miezi sita, mvua na kiangazi. Kioo kikivunjika, msingi unasogea: udongo wa majivu ya volkano hulegea ukilowa, basi tafuta bomba linalovuja au maji ya paa yanayomwagika msingini kabla ya kuita mhandisi. Nakuru iko kwenye Bonde la Ufa, tetemeko kubwa la Subukia la Januari 1928 lilikuwa jirani, kwa hiyo ufa wa ngazi-ngazi kwenye pembe ya nyumba usiupuuze.

Paa ni la asbestosi na nataka kutoboa nifunge sola. (Msomaji, Nakuru)

Usitoboe, usikate, wala usilioshe kwa maji ya kasi. Bati zima la asbestosi lina hatari ndogo kuliko lililovunjika. Likilazimika kutoka, tafuta mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya: hulowesha, hufungua misumari bila kuvunja, hufunga kwa plastiki mara mbili. Na usimpe jirani vipande akaezeke banda la kuku.