Maziwa yanatoka na sina mimba, ni jini ama ni maradhi?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi niko Eastleigh, nimeolewa miaka minne sijapata mtoto. Hedhi ilikatika mwaka jana na sa hii maziwa yananitoka yenyewe. Daktari alinipima damu akanifanyia na MRI, akasema nina uvimbe mdogo kwenye tezi ya pituitari na homoni ya prolaktini iko juu sana, akaniandikia kabagolini. Mama mkwe anasema ni jini mahaba, ati nikimeza dawa sina tawakali, anataka nipelekwe kwa mtu wa kupiga ramli. Na hayo maziwa yanavunja udhu? Ramadhani nafunga vipi?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada yangu, kwanza pole sana, Allah akupe shifaa na akuruzuku kizazi chema.

Hilo la jini nitalisema waziwazi manake limeumiza wanawake wengi hapa mtaani. Majini wapo, Qur'ani imesema, hakuna Muislamu anayekataa. Lakini wewe umepimwa damu, picha imepigwa, uvimbe umeonekana kwa macho, sasa tunatafuta jini wa nini? Hiyo tezi ni ndogo kama punje ya minji, iko chini ya ubongo nyuma ya pua, na Allah ameipa kazi kubwa. Prolaktini ndiyo inayomletea mama maziwa akishajifungua, sasa ikitoka kwa wingi bila mimba mwili unafanya kana kwamba unanyonyesha, yai halipevuki, hedhi inakatika, mimba haishiki. Uvimbe wa aina hii karibu wote si kansa na wengi wakitumia dawa homoni inashuka, uvimbe unanywea, na wanazaa. Wanaume pia wanaupata, nguvu za kiume zinapungua halafu wanazunguka wakitafuta nani amewaroga.

Kuhusu tawakali, mabedui walimuuliza Mtume (s.a.w) kama wajitibu, akawaambia wajitibu, kwani Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi ila ameyawekea na dawa yake, isipokuwa uzee. Wamepokea Abu Daud na Tirmidhi. Sasa kama Mtume mwenyewe ameamrisha, nani amebaki wa kusema kumeza kidonge ni kukosa imani? Kinachogusa imani ni huko kwa mpiga ramli, manake katika Sahihi Muslim imekuja kwamba anayemwendea mtu kama huyo akamuuliza jambo, sala yake ya siku 40 haikubaliwi. Kisomo soma, Fatiha, Ayatul Kursi, Kul'audhu mbili, jisomee mwenyewe asubuhi na jioni, au mumeo akusomee, na kidonge meza, hivyo viwili havigombani hata kidogo.

Mama mkwe usimjibu kwa ukali, ni mama yako na hofu yake ni ya mtu anayetaka mjukuu. Hiyo ni kazi ya mumeo, yeye ndo akae na mamake amweleze, na mkienda kliniki tena nendeni naye asikie kwa daktari mwenyewe.

Maziwa ni tohara na hayavunji udhu. Kwa madhehebu yetu ya Shafii kinachotoka kikatengua udhu ni kile kinachopita njia mbili, ya mbele na ya nyuma, kwa hiyo nguo ikilowa sali nayo tu. Lakini angalia hili, watu wengi hawalijui: ukimpa titi mtoto wa ndugu au wa jirani ambaye hajafika miaka miwili, akanyonya mara tano, huyo ni mwanao wa kunyonya hata kama wewe hujawahi kuzaa, na ndoa kati yenu haramu. Kwa hiyo usimtulize mtoto wa mtu hivyo, tena hata kitiba titi likichokonolewa prolaktini inapanda zaidi.

Hedhi kukatika hakukupi ruhusa ya kuacha sala, miezi yote hiyo wewe uko twahara, sali na funga kama kawaida. Dawa ikianza kufanya kazi damu inaweza kurudi ovyo ovyo, ikipita siku 15 hiyo iliyozidi ni istihadha, yaani damu ya maradhi, si hedhi. Na ujue mimba inaweza kuingia hata kabla hedhi haijarudi, ukihisi pima, na umwambie daktari mara moja manake yeye ndo anaamua dawa iendelee ama isimame.

Saumu kwako ni nyepesi inshallah. Kabagolini kawaida ni mara moja au mbili kwa wiki, ukishafuturu ukala vizuri unaimeza kabla ya kulala, na usiinuke ghafla manake inaleta kizunguzungu. Ila kuna wenzako wenye uvimbe wa hiyo tezi, wengine wamepasuliwa, mwili wao hautengenezi homoni ya kotisoli ya kutosha na wanameza kidonge cha haidrokotisoni badala yake kila siku kwa saa zake. Hao wakiruka dozi wanaweza kufa, na Allah amekataza tusijiue. Wasifunge mpaka daktari aseme wanaweza. Aya ya 185 ya Suratul Baqara imempa mgonjwa ruhusa alipe siku nyingine, na kama maradhi hayatarajiwi kupona, anatoa kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku.

Ukipata kichwa kikali cha ghafla, au macho yakaanza kutoona pembeni, usingoje kisomo wala mtu wa kukusindikiza, kimbia hospitali usiku huo huo, manake hiyo tezi imekaa chini kabisa ya mishipa ya macho. Na kama pesa ya dawa inawashinda mwoneni imamu wa msikiti wenu, mgonjwa fakiri anastahiki zaka na hakuna aibu kuipokea.

Wallahu aalam.