Sema Umefika Ukurasa wa Ngapi

Mwaka 2022 niliumbuka barazani, hapa hapa Malindi, na wa kulaumiwa nilikuwa mimi. Tulikuwa watu watano baada ya Isha, kahawa tungu inazunguka, kila mmoja aeleza anasoma nini. Sisi ni wapenzi wa bunilizi za kisayansi na fantasia, ingawa wenyewe huziita tu "za sayari na za majini". Zamu yangu ilipofika nikajigamba kuwa nimeimaliza Dune, ile riwaya nene ya Frank Herbert ya 1965 kuhusu sayari ya jangwa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimesoma kurasa arubaini hivi, mengine nikajazia kwa filamu ya 2021.

Nikaisimulia kwa madaha. Kisha mwenzetu mmoja, fundi cherehani asiye na maneno mengi, akauliza taratibu, "Na yule dada mtu, umemwonaje?"

"Dada gani?"

Basi. Filamu ile huishia katikati ya kitabu, na dada huyo wa shujaa bado yumo tumboni mwa mamake. (Samahani kwa ambao hamjafika hapo, lakini kitabu chenyewe kimenizidi umri.) Walicheka hadi muuza kahawa akaja kuuliza kuna nini.

Tangu usiku ule hatuulizani tena "unasoma nini". Twaulizana "umefika wapi", na jibu ni namba ya ukurasa. Kama mna kijiwe cha vitabu, nawashauri mjaribu. Namba haina pa kujigambia. Aliyetangulia anajua mahali pa kuufunga mdomo. Na aliyekwama anapata njia ya kusema amekwama, jambo ambalo kwa vitabu vya aina hii ni muhimu kuliko vingine, kwa sababu mwanzo wake ni mgumu: majina mageni, koo, sheria za dunia ambayo hujaizoea. Wengi huacha hapo na kujiona wajinga.

Mimi nilikwama kwenye majina. Nilipokiri, fundi akaniambia niyasome kwa sauti, kama tulivyokuwa tukisoma chuoni kwa maalimu. Nikayasikia! Mahdi na jihadi hatuhitaji kufafanuliwa. Muad'Dib, jina analojipa shujaa, ni mu'addib wa Kiarabu, anayefunza adabu, mzizi ule ule wa neno letu. Mtoto wa Pwani anaingia kitabu kile akiwa na ufunguo mfukoni, nami nilikuwa nahangaika mlangoni. Nilianza upya, nikamaliza kwa miezi miwili.

Kuacha kitabu nako ni ruhusa. Sema tu uliachia ukurasa gani, maana huenda mwenzako akakwambia zimebaki kumi kabla mambo hayajachangamka.

Shida kubwa kwetu ni nakala. Sasa tunasoma Walenisi ya Katama Mkangi, iliyotoka 1995, nakala moja kwetu sote. Dzombo anahukumiwa, anatiwa ndani ya chombo cha kusafiria, anatua nchi ya Walenisi. Litamke jina hilo polepole, ulikate mara tatu, uone linavyokutazama. Fundi alitukatia nyuzi za rangi, kila mtu na wake, ndizo alama zetu za ukurasa. Kitabu huhama mkono kila Ijumaa. Ukikifungua unaona nani yuko mbele na nani amelala, bila kumuuliza mtu. Za kusoma kwenye simu sina la kusema, isipokuwa chaji huisha pale pale panaponoga.

Na atatokea wa kuwaambia kwamba mambo ya anga si ya kwetu. Kwetu alitokea, jamaa aliyekuja kunywa kahawa tu. Hatukubishana naye, tulimwonyesha kaskazini. Huko Ngomeni, kwenye jukwaa la Waitaliano baharini, tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti ya Wamarekani ikapewa jina Uhuru, kwa sababu siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake. Ndiyo ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei za angani, na vipimo vyake viliwasaidia wanaastronomia kushuku kwamba Cygnus X-1, chanzo kimojawapo cha eksirei hizo, ni shimo jeusi, pale ambapo hata mwanga hautoki. Fantasia nayo? Twiga aliyetoka Malindi akafika China mwaka 1415 alipokewa kama qilin, mnyama wa ngano zao. Sisi tulikuwa tukimwona twiga tu.

Jamaa alirudi wiki iliyofuata, akaomba uzi. Alipewa wa manjano.

Wangu ni wa kijani, uko ukurasa wa 61. Wa manjano umeshanipita. Mwekundu una wiki ya tatu pale pale ukurasa wa 18, na mwenyewe asema ana shughuli nyingi. Ijumaa tutamuuliza amefika wapi.