Fundi akiwa ndugu yako ndiyo hasa muandikiane

Ndugu yangu uliyeuliza, umesema uko Maskati, kiwanja kipo Fuoni hapa Unguja, muashi ni mjomba wako na unaona haya kumwambia muandikiane asije akadhani humuamini. Haya hiyo hiyo niliiona na mie, na ilinila masika mazima.

Nilianza kujenga Kisauni vyumba vitatu, fundi mtu wa kwetu, tumecheza gololi pamoja. Tukakubaliana pale pale kiwanjani tumesimama, yeye mwiko mkononi: vifaa vyangu, ufundi wake, "kunyanyua kuta" milioni tatu, nusu sasa nusu akimaliza. Tukapeana mkono tukaomba dua basi. Na kazi aliijua wallahi, ukiweka timazi huoni kosa, tofali za inchi 6 zimelala kwenye uzi mpaka raha. Siku moja ananipigia, "yakhe kuta tayari, njoo unipe changu". Nafika naona kuta zimeishia juu ya madirisha. Namuuliza lenta je, ile boriti ya zege inayopita juu ya madirisha na milango, na zile kozi tatu, mistari ya tofali, za juu yake? Akanitazama kama mtu asiyenifahamu, akasema "lenta si zege hiyo, kuna mbao za kufungia, kuna kusuka nondo, hiyo kazi nyengine, sie tulisema kuta".

Mpaka leo sisemi kama alinidhulumu. Kwake ukuta ni tofali zikaisha, kwangu ukuta unakwenda mpaka pa kukalia paa. Tukapelekana kwa mzee mmoja wa mtaani atuamue, la mwanzo aliuliza "kiko wapi mlichoandikiana?" Tukabaki tunatazamana. Mzee akacheka, akatukumbusha Suratul Baqara aya ya 282, aya ndefu kuliko zote kwenye Msahafu, na maneno yake ni hayo hayo ya watu wakidaiana kwa muda waandikiane na waweke mashahidi, akasema nyie mkifika hapo mnairuka?

Huku tunavutana fundi akapata kazi ya hoteli Paje akenda zake, simlaumu, ana watoto. Mvua zikaingia kuta ziko wazi juu, na mifuko kumi na moja ya saruji niliyoiweka chini ya turubai ikaganda ikawa mawe, mmoja bado upo mlangoni tunafutia miguu.

Fundi wa pili, wa nyumba nyengine niliyojenga baadaye, ndiyo tuliandikiana. Usifikirie mambo ya wakili, karatasi mbili za daftari, nakala yake na yangu, majina kama yalivyo kwenye vitambulisho vya Mzanzibari, shahidi wake mmoja na wangu mmoja, sheha, kiongozi wa serikali wa mtaani, akatia saini na muhuri. Kisheria hata maneno ya mdomo ni mkataba, usije ukadanganywa kuwa si kitu, tabu ni siku ya kuthibitisha. Ila faida yake kubwa mie niliipata tunapoandika, kabla hata ya saini. Kila neno nilimuuliza linaishia wapi. "Msingi" mpaka wapi, kifusi cha ndani kimo? Jamvi, ile sakafu ya zege, limo? "Plasta" ndani tu au na nje, na zile pembe za madirisha nani anazimaliza? Tulikaa toka alasiri mpaka magharibi na mara mbili tulikaribia kugombana, bora tugombane hapo kuliko juu ya jukwaa.

Pesa usitoe nusu kwa nusu, hilo ndilo kosa langu kubwa. Sie tulikata hatua nne: msingi mpaka jamvi, kuta mpaka chini ya lenta, lenta na kozi za juu, halafu plasta. Kianzio kidogo cha kuwapa vibarua chakula, kisha kila hatua ikiisha tunaitazama pamoja ndiyo nalipa, kwa simu ili ujumbe ubakie. Asilimia kumi ya pesa yake ililala kwangu mpaka masika yapite mara moja tuone nyufa. Hapo alinuna, nikamwambia ukuta wako ukisimama ni yako yote, na nilimlipa siku niliyosema.

Zege andika kipimo. Sie ilikuwa moja mbili nne, saruji moja mchanga mbili kokoto nne, na kipimo ndoo, kwa sababu chepe la mchanga linajazwa mlima na chepe la saruji linakwanguliwa. Nondo na ringi, vile vyuma vyembamba vya kuzifunga nondo, fuateni ramani, andikeni milimita zake, usiandike "nondo nzuri". Na andika nani anamwagia zege maji siku saba, wengi hawalitaji hili, kila mtu anadhani mwenzake kamwagia, mie kwenye jamvi la mwanzo hakumwagia mtu na nyufa zake unaziona mpaka leo.

Kama ni nyumba ya Mji Mkongwe hayo mengine. Kule utapita kwanza kwa Mamlaka ya Hifadhi, mji umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO toka 2000, na kwenye karatasi usiandike "plasta" ukanyamaza, andika chokaa. Shangazi yangu aliacha wazi hivyo, fundi akampigia saruji juu ya ukuta wa zamani wa mawe na chokaa, unyevu ukakosa pa kutokea, mwaka haukuisha inabanduka vipande vizima.

Siku nazo hesabuni vizuri. Sie tuliandika siku sitini za kazi tukasahau Ramadhani, na ile ya 2024 iliingia mwezi wa tatu, mvua nazo zinakuja, mafundi wanashuka adhuhuri wamechoka. Tukarudi tukaongeza mstari pembeni tukatia saini wote wawili, inaruhusiwa, karatasi si Msahafu.

Na usiandike ya kwako tu, mjomba naye ana haki. Mafundi wangapi wanaachwa kiwanjani na bosi aliye nje kakata pesa bila hata simu? Wangu aliweka sharti vifaa vikichelewa siku mbili muda unaongezeka, ya tatu nawalipa vijana wake wakikaa bure. Nikanaswa mwenyewe. Mchanga hapa kwetu unajua ni wa kibali, lori nililoahidiwa Jumatatu likaja Ijumaa, nikalipa posho ya watu wanne waliokaa chini ya mwembe wanacheza bao. Tuliandika pia fundi akianguka matibabu nani, hilo msilione nuksi kulitaja.

Kuhusu ile haya yako ya kumwambia mjomba, mwanzo usiende wewe. Mwambie mama yako amwambie kaka yake kuwa unataka karatasi kwa sababu uko mbali na huwezi kukumbuka hesabu, ambayo ni kweli. Huyu fundi wangu nae mwanzo alisitasita, kazi ilipokwisha akaja nyumbani kuomba nakala ambayo haijajazwa, kapata mtu Mwera. Nikampa. Wiki ya pili akanionesha walivyoiandika, kaongeza sharti lake juu kabisa: chai ya saa nne na mihogo juu ya mwenye nyumba.