Jibu: Binti wa miaka 12, je, dozi moja ya HPV inatosha?

Dada, umeuliza kama dozi moja inamtosha binti yako, na kama ni kweli chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, inafunga kizazi.

Inatosha. Shirika la Afya Duniani lilikubali dozi moja Desemba 2022, na Tanzania ikaifuata Aprili 2024 kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Ilipoanza 2018 zilikuwa mbili, ndiyo maana mtaani watu wanachanganya. Kizazi haifungi kabisa. Rwanda wanachanja tangu 2011, na mabinti wale wa mwanzo leo ni watu wazima, wengine wanalea.

Ila nakuomba usiishie kwa mtoto. Umesema una miaka 38 na hujawahi kupima saratani hiyo. Mimi niliogopa miaka mingi, kumbe ni dakika chache: nesi anapaka siki kwa pamba kwenye mlango wa kizazi, anasubiri kama dakika moja, kisha anaangalia kama kuna sehemu imegeuka nyeupe. Ikionekana mapema hutibiwa kabla haijawa saratani, mara nyingi siku hiyohiyo. Mama yangu mdogo alikwenda damu ilipokuwa imeshaanza kumtoka. Tafadhali nenda wiki hii.