Mapipa Yako Yana Joto Kiasi Gani Asubuhi Hii?

Wiki iliyopita kijana mmoja anayeishi Des Moines, Iowa, aliniandikia ujumbe mrefu uliofunguliwa kwa "shikamoo kaka" na kufuatiwa na maswali manane kuhusu kuanzisha kazi yake mwenyewe ya kupuliza povu la kuhami nyumba dhidi ya baridi. Aliuliza anunue mashine ipi, bunduki gani ya kupulizia haizibi upesi, atoze kiasi gani, na wateja wa kwanza hupatikanaje. Marahaba, mdogo wangu. Katika maswali yako yote manane halikuwamo hata moja lililogusa mapipa: yatakaa wapi, yatalindwaje na baridi, na kemikali itatokaje humo kwenda kwenye mashine. Sikulaumu, kwa sababu nilipoanza nilikuwa hivyo hivyo, na somo hilo nililipia kwa kazi yangu.

Kwa msomaji ambaye bado anaitazama kazi hii kwa mbali, povu letu huja katika mapipa mawili ya galoni 55, yaani lita 208 hivi kila moja. Pipa la upande A lina isosianati, majimaji ya rangi ya kahawia yanayoogopa unyevu kuliko kitu kingine chochote. La upande B lina polioli iliyochanganywa na vichochezi, dawa ya kuzuia moto na kimiminika kinachogeuka gesi ili kulivimbisha povu. Pampu mbili ndefu zinazoendeshwa kwa upepo wa kompresa hutumbukizwa mapipani na kuisukuma kemikali hadi kwenye mashine, mashine huipasha joto na kuiongezea shinikizo, kisha pande hizo mbili hukutana kwa mara ya kwanza ndani ya bunduki, kipimo kimoja kwa kimoja, na kugeuka povu. Ukiharibu chochote kabla ya hapo, hakuna ustadi wa mkono utakaokuokoa ukutani.

Majira yangu ya pili ya baridi hapa Minnesota nilikuwa msaidizi katika kampuni ambayo sitaitaja. Jukumu langu la jioni lilikuwa dogo kiasi cha kumwaibisha mtu mzima: kuhakikisha kwamba hita ya umeme ndani ya trela imechomekwa kwenye ekstensheni kabla sijaondoka. Jioni moja ya Januari, nje ikiwa nyuzi 27 chini ya sifuri, niliichomoa ili nipate mahali pa kuchomeka taa ya kufanyia usafi, nikamaliza usafi, nikafunga mlango, nikaenda nyumbani kula. Asubuhi kipimajoto kilisoma nyuzi 4 kwenye pipa la B, na mimi, mtoto wa Tanga ambaye baridi yote niliyoijua utotoni ilikuwa ile ya Lushoto, nilijiambia kwamba mashine ina hita zake na itaipasha kemikali njiani. Nilijua kwamba nimekosea, lakini tulikuwa tumechelewa na bosi alikuwa amekasirika tayari, kwa hiyo nilinyamaza.

Hita za mashine huongeza joto juu ya lile zinalolikuta, na zina kikomo. Kemikali ikitakiwa kufika kwenye bunduki ikiwa na nyuzi 52 na ikatoka pipani ikiwa na nyuzi 20, mashine inaongeza 32. Ikitoka na 4, unaidai 48, na nyingi kati ya mashine za kawaida haziwezi kufanya hivyo huku fundi anapuliza mfululizo. Tatizo la pili ni baya zaidi, kwa sababu polioli baridi huwa nzito kama asali ya msituni, pampu ya kuhamishia inashindwa kuivuta, nayo pampu ya mashine inapokea nusu kimiminika na nusu utupu. Siku hiyo upande wa B ulikuwa unakufa njaa huku upande wa A ukitiririka vizuri. Mashine ilijizima mara tatu kwa tofauti ya shinikizo, bosi akaiwasha mara tatu, na povu lililotoka lilikuwa na isosianati kupita kiasi, gumu na la kuvunjika kama biskuti. Tulilibandua kwa siku tatu. Mapipa mawili yanayogharimu zaidi ya dola 2,000 yalikwenda bure, na bosi aliniambia mbele ya mwenye nyumba kwamba mtu aliyekulia kwenye jua hawezi kuelewa baridi. Majira ya kuchipua yalipofika hakuniita tena. Ninaandika haya baada ya miaka mingi, na bado maneno hayo yananikera kuliko mshahara nilioukosa, hasa kwa kuwa siku hiyo alikuwa na haki ya kukasirika.

Leo nina trela yangu, na kwa miaka mitano sijapoteza pipa hata moja kwa sababu ya baridi. Kuta zake, dari na sakafu nimezipuliza povu hilo hilo ninalowauzia watu (ajabu ni mafundi wangapi wanaohami nyumba za wengine huku kemikali yao inalala kwenye bati tupu). Kuna hita ya dizeli isiyotegemea ekstensheni ya mtu yeyote, inayotoa moshi wake nje. Zile hita za wazi zinazopuliza moto moja kwa moja siziruhusu humo, kwa sababu huleta unyevu pamoja na joto. Mapipa yamesimama juu ya mbao badala ya sakafu, yamefungwa mikanda kwenye ukuta, na kila moja lina kipimajoto chake. Kila aina ya kemikali ina karatasi yake ya maelekezo, lakini ninazozitumia hutaka kuhifadhiwa takriban kati ya nyuzi 10 na 27, na mimi huyaweka mapipa ya kazi kwenye 21 au zaidi kabla ya kuondoka. Kwa hiyo, mdogo wangu, pima joto la mapipa jioni, kisha pima tena asubuhi kabla hujanywa chai.

Nililipia somo jingine mwaka wa kwanza wa kujitegemea. Msaidizi wangu alibadilisha mapipa mawili kwa pamoja, akazitoa pampu zote mbili, akaziegemeza ukutani, kisha akairudisha ile ya A katika pipa la B. Hakukuwa na mlipuko wala moshi, ila isosianati iliyobaki kwenye pampu iliikuta polioli na kuanza kuganda, na ndani ya muda mfupi vali ya chini ilikuwa imeshikamana kabisa. Pampu tuliitupa, na pipa hatukuthubutu kulitumia. Sikumfokea, maana nilikuwa nimekwisha kufokewa kwa niaba ya wote. Nilichofanya ni kupaka nyekundu kila kitu cha A na buluu kila kitu cha B, pampu, mipira ya kupitishia kemikali, spana na hata vitambaa, halafu nikakata mpira wa A mfupi kiasi kwamba pampu yake haiwezi kulifikia pipa la B hata ukiivuta kwa nguvu. Rangi humsaidia aliye macho, ilhali urefu wa mpira humsaidia hata aliyechoka. Tunabadilisha pipa moja, tunalimaliza, ndipo tunaligusa la pili.

Upande wa A nao una wivu wake. Pipa likipungua hewa huingia kujaza nafasi, na hewa hiyo ikiwa na unyevu isosianati hufanya chembe ngumu zinazoziba machujio na kuikwaruza pampu. Ndiyo maana kwenye tundu la hewa huwekwa kikaushio chenye chembe zinazobadilika rangi zikishiba maji; zikibadilika, badilisha, usisubiri Jumatatu. Maji yakiingia pipani hutoa gesi ya kaboni dioksidi, na ukilifunga kizibo pipa la namna hiyo linaweza kuvimba hadi kupasuka.

Wakati wa joto adui hubadilika. Mwezi wa Julai niliwahi kufungua kizibo kikubwa cha pipa la B lililokuwa limekaa juani, kwa haraka, nikiwa nimeliinamia, na kile kimiminika cha kulivimbisha povu kikatoka kwa kasi ya soda iliyotikiswa na kunimwagikia kifuani. Tangu hapo ninaanza na kizibo kidogo, nusu mzunguko, ninasubiri mlio uishe, na ninapima joto la pipa kabla ya kuligusa. Unaona kwamba ninarudia jambo lile lile. Nitalirudia hadi ulichoke.

Kinachonisikitisha zaidi ni kuwaona vijana wetu wakivaa vifaa kamili wanapopuliza, kisha wakavua kila kitu wanapobadilisha mapipa, kana kwamba isosianati inasubiri ruhusa ya bunduki. Mwili ukishaikataa isosianati, kiasi kidogo tu huleta pumu, na kazi hii inakuwa imekwisha kwako. Vaa miwani, glavu za nitrili na kinga ya kupumulia hata kama ni kazi ya dakika kumi. Upande wa A ukimwagika, ufyonze kwa mchanga wa choo cha paka, uoshe kwa maji yenye soda ya kufulia na sabuni, na takataka zake uziweke nje katika chombo kisichofungwa kabisa, kwa sababu nazo zinaendelea kutoa gesi.

Kuhusu mashine na wateja nitakujibu siku nyingine. Kwa sasa, kabla hujalipa arubuni ya trela yoyote, nichoree mahali mapipa yatakaposimama, hita itakapokaa na njia ya mipira yote miwili, kisha nitumie picha. Mipira usiikate hadi niione.